Kununua mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwa magari ya dharura: zabuni ianzie wapi?

Swali: «Ninasimamia huduma ya dharura yenye magari 14 ya wagonjwa na wahudumu wapatao 90. Hadi leo tunajaza fomu za karatasi. Tumetengewa fedha za kununua mfumo wa kielektroniki wa kumbukumbu za wagonjwa, na kampuni tatu zimekwisha kutuonyesha bidhaa zao. Zote zinavutia na zote zinadai kuweza kila kitu. Kamati ya ununuzi inataka tutangaze zabuni ndani ya miezi 2. Tuandike nini katika zabuni, tuzipime vipi kampuni hizi, na makabrasha ya fomu za zamani tuyafanyeje?»

Ndugu Msimamizi,

Miezi 2 inatosha kutangaza zabuni, lakini haitoshi kujua mnachotaka kununua, na ningeomba kamati yako ianze kwa kulikubali hilo. Maonyesho mliyoyaona yalifanyika mezani, katika chumba chenye mwanga na mtandao wa kuaminika, kwa mgonjwa wa kubuni ambaye jina lake, umri wake na tatizo lake moja vilikuwa vimekwisha kupangwa. Mfumo wenu utatumika nyuma ya gari linaloyumba, saa nane za usiku, na mhudumu ambaye mkono mmoja umeshika barakoa ya oksijeni huku mgonjwa hawezi kutaja hata jina lake. Fedha nyingi za ununuzi wa aina hii hupotelea katika pengo lililopo kati ya mazingira hayo mawili. Kwa hiyo yote nitakayoyasema yanashikamana na kazi moja: ichukueni kumbukumbu ya mgonjwa mmoja, muifuate tangu simu inapopokelewa hadi muuguzi wa hospitali anapoisoma, na kila sharti la zabuni litoke katika safari hiyo, wala lisitoke katika vipeperushi vya wauzaji.

Kabla ya kuandika sharti hata moja, wapandisheni wajumbe wawili wa kamati kwenye gari kwa zamu tatu au nne, moja wapo iwe ya usiku. Watakachokiona ni hiki. Mhudumu anapima presha, anapata 90 kwa 60, anaiandika kwa kalamu mgongoni mwa glovu yake. Dakika chache baadaye anaongeza mapigo ya moyo, 124. Mwenzake amebandika kipande cha plasta nyeupe kwenye paja la suruali na hapo ameandika saa ambayo dawa ilitolewa. Fomu yenyewe itajazwa baada ya mgonjwa kukabidhiwa, gari likiwa limeegeshwa, kwa kunakili plasta na kukisia yaliyosahaulika. Na ikiwa glovu imekwisha tupwa kwenye ndoo ya taka, namba zimekwenda nayo. Wauzaji hushindana wao kwa wao, lakini mfumo wowote mtakaoununua utashindana kwanza na glovu hiyo. Ukiwa mzito kuliko glovu, wahudumu wataendelea kuandika kwenye glovu, kisha watajaza kishikwambi baada ya safari, na mtakuwa mmelipa fedha nyingi ili kunakili karatasi kwa njia nyingine.

Ndiyo maana sharti la kwanza ningeliandika kwa saa ya mkononi: mhudumu aliyevaa glovu aingize presha, mapigo, pumzi na kiwango cha oksijeni kwa mkono mmoja, bila kuandika herufi yoyote, kwa muda usiozidi sekunde 20, gari likiwa katika mwendo. Hiyo 20 ni kadirio langu; ninyi pimeni glovu inachukua muda gani kwenu, halafu wekeni namba yenu. La muhimu ni kwamba liwe jambo linaloweza kupimwa mbele ya mashahidi. Neno «rahisi kutumia», ambalo nimelikuta katika nyaraka nyingi za zabuni, halimfungi mtu yeyote.

Jambo la pili ni vyanzo vya taarifa. Sehemu kubwa ya yale ambayo wahudumu huandika kwa mkono tayari yapo mahali fulani: anwani na saa za tukio zipo kwenye mfumo wa kituo cha kupokea simu na kuelekeza magari, mfululizo wa vipimo na mchoro wa moyo upo kwenye mashine ya kufuatilia moyo, na utambulisho wa mgonjwa mara nyingine upo hospitalini. Mfumo mzuri huvivuta vyote hivyo na kumwachia mhudumu kile ambacho ni yeye tu anayekijua, yaani alichokiona, alichokifikiri na alichokifanya. Tajeni katika zabuni aina na toleo la kila mashine ya moyo mliyo nayo na la mfumo wa kituo cha simu, kisha mtake bei ya kila muunganisho iandikwe peke yake. Mzabuni anayejibu kwamba «unawezekana» hajaahidi chochote; mtakeni aseme kama umekwisha kufanya kazi mahali pengine na toleo hilo hilo, au kama utajengwa kwa mara ya kwanza kwenu.

Hapo pana mtego ambao wanunuzi wengi hawauoni hadi kesi ifike mahakamani: saa. Kituo cha simu kina saa yake, mashine ya moyo ina yake, kishikwambi kina yake. Niliwahi kupitia kumbukumbu ambayo, kwa mujibu wake, mgonjwa alishtuliwa moyo dakika 4 kabla ya gari kufika mlangoni kwake. Hakuna aliyedanganya; ni kwamba mashine ya moyo haikuwa imerekebishwa saa yake kwa muda mrefu. Zabuni iseme ni saa ipi itakayokuwa mama wa saa zote, vifaa vingine vitailinganishaje na mara ngapi, na kwamba mfumo utatunza kando kando saa ambayo jambo lilitendeka na saa ambayo liliingizwa. Mkikosa huo mgawanyo wa mwisho, hamtajua kamwe kama kumbukumbu ziliandikwa papo hapo au baada ya saa tatu.

Sasa nije kwenye data yenyewe, ambapo ningependa kamati ikae muda mrefu kuliko penginepo. Msitunge orodha yenu ya vipengele kuanzia sifuri. Marekani ina kamusi ya kitaifa ya data za huduma za dharura, NEMSIS, ambayo kila mtu anaweza kuisoma, na hata kama hamna wajibu wowote wa kuifuata, ni ghala zuri la kuazima. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake umesimama kuna vipengele vinavyoitwa vya Utstein, vilivyotokana na mkutano uliofanyika mwaka 1990 katika abasia ya Utstein nchini Norwei, ambavyo huziwezesha huduma mbalimbali kulinganisha matokeo yao kwa kipimo kimoja. Mkiziazima kazi hizo mnaokoa wiki nzima za kubishana namna ya kuandika umri wa kichanga, na nimekaa katika mabishano hayo.

Kitu kimoja katika NEMSIS kinastahili kunakiliwa hata kama mtaacha mengine yote. Kwenye karatasi, kisanduku kitupu cha presha kinaweza kuwa na maana nne: haikupimwa, ilishindikana kupimwa, mgonjwa alikataa, au haikuhusika kabisa. Anayekagua kazi mwezi mmoja baadaye hawezi kujua ni ipi. NEMSIS hutenganisha hali hizo kwa thamani zake maalumu, hivyo kwamba kukosekana kwa kipimo nako kunakuwa taarifa. Waulizeni wazabuni wawaonyeshe jinsi mhudumu anavyoandika «mgonjwa amekataa» bila kuzuiwa na mfumo na bila kulazimika kubuni namba. Kubuni namba ndiyo tabia inayozaliwa na vipengele vya lazima vinapokuwa vingi kupita kiasi: mfumo unakataa kufunga kumbukumbu mpaka idadi ya pumzi ijazwe, mhudumu amechoka, basi kila mgonjwa anapumua mara 16 kwa dakika. Kila kipengele cha lazima kiwe na mtu ndani ya shirika lenu anayeweza kusema atakitumia kwa uamuzi gani. Kisichokuwa na mtu huyo kiondoeni kwenye orodha ya lazima.

Mfano mwingine mdogo unaoonyesha kama mfumo ulitengenezwa na watu wanaoijua kazi ni kipimo cha fahamu cha Glasgow, ambacho kimekuwa kikitumika tangu mwaka 1974. Kina sehemu tatu, macho, sauti na viungo, na jumla yake huanzia 3 hadi 15. Jumla ya 9 inaweza kupatikana kwa njia kadhaa, na kwa daktari anayempokea mgonjwa aliyeumia kichwa njia hizo hazilingani hata kidogo. Mfumo unaohifadhi jumla peke yake umetupa nusu ya habari. Ombeni muone kipimo hiki kwenye skrini, na muone jinsi kinavyoonekana kikirudiwa mara tatu katika safari moja, kwa sababu mwelekeo wake ndio unaoishughulisha hospitali.

Kuhusu kupeleka taarifa hospitalini, mtaambiwa kwamba mfumo «unaendana na HL7» au «unatumia FHIR». Hivi ni viwango halali vya mifumo ya afya kubadilishana taarifa, na ni vyema kuvitaka, lakini kuendana na kiwango ni sawa na kusema kwamba watu wawili wanajua kusoma. Bado hawajaandikiana barua. Jambo la kudai ni ujumbe wa majaribio utoke kwenye kishikwambi na ufunguke katika mfumo wa hospitali moja mnayoipelekea wagonjwa wengi, ukisomwa na muuguzi wa mapokezi ambaye hakuandaliwa. Wapo wauzaji ambao «muunganisho» wao ni faili la PDF linalotumwa kwa barua pepe. Si kosa kuanzia hapo, na kwa hospitali isiyo na mfumo wowote huenda likawa ndilo jawabu, alimradi mjue kwamba ndilo mnalolinunua na bei yake ifanane nalo.

Mtandao utakatika. Kwa hiyo kumbukumbu nzima ianzishwe, ijazwe na kufungwa ndani ya kifaa bila mawimbi ya simu, kisha ijipeleke yenyewe mtandao unaporudi. Swali linalowatofautisha wazabuni linahusu kinachotokea pale ambapo magari mawili yamemhudumia mgonjwa mmoja, yote yakiwa nje ya mtandao, kila moja likiwa na kumbukumbu yake. Nani huziunganisha, na je, kuna kinachofutwa? Vilevile ulizeni kuhusu kifaa kilichopotea: data iliyomo iwe imesimbwa, na kiwe kinaweza kufutwa kutoka mbali. Kuingia kwenye mfumo kuwe kwa haraka, kwa kadi au namba fupi, kwa maana nenosiri la herufi 14 linalodaiwa kila baada ya dakika 5 huzaa jambo moja tu, nalo ni zamu nzima kutumia akaunti ya mtu mmoja, na hapo daftari la nani alifanya nini linakuwa halina thamani.

Vifaa nitavipitia kwa haraka. Kishikwambi cha kawaida chenye kasha imara kinaweza kufaa. Cha muhimu zaidi ni betri inayomaliza zamu, skrini inayosomeka juani, kufutika kwa dawa ya kuua vijidudu, na kishikizo ndani ya gari. Kishikizo hudharauliwa. Kiwango cha Ulaya cha magari ya wagonjwa, EN 1789, kinataka vifaa vifungwe viweze kuhimili msukumo wa mara 10 ya uzito wao, na sababu yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kuona kitu cha kilo moja kikiruka gari linapogonga.

Upatikanaji wa huduma huandikwa kwa asilimia, na asilimia hudanganya jicho. Mfumo unaopatikana kwa asilimia 99 ya mwaka unaruhusiwa kulala kwa zaidi ya siku 3 na nusu. Wa asilimia 99.9 unaruhusiwa takriban saa 8 na dakika 45. Someni pia maandishi madogo, kwa sababu mara nyingi matengenezo yaliyopangwa hayahesabiwi, na muuzaji aliyezoea saa za ofisi atayapanga usiku wa Jumamosi, wakati ambao ninyi mna simu nyingi kuliko siku zote. Wala msidhani kwamba seva za muuzaji haziguswi. Julai 2023, mashirika mawili ya magari ya wagonjwa nchini Uingereza yalishindwa kuzifikia kumbukumbu zao za kielektroniki baada ya shambulio la mtandaoni kumpata muuzaji aliyekuwa akizihifadhi, ikabidi wahudumu warudie njia za mkono. Fomu za karatasi zibaki ndani ya kila gari, ziwe na mpangilio ule ule wa skrini, na mara moja kwa miezi mitatu zamu moja izitumie kwa makusudi ili mikono isisahau.

Suala la kuanza kutumia mfumo lina funzo la zamani ambalo ningeomba kamati ilisome. Tarehe 26 Oktoba 1992 huduma ya magari ya wagonjwa ya London iliwasha mfumo mpya wa kuelekeza magari kwa jiji zima kwa mkupuo. Ndani ya saa chache mfumo haukujua tena magari yako wapi, simu zikarundikana, na siku iliyofuata wakalazimika kurudi kwenye njia ya nusu mkono, nusu kompyuta. Tarehe 4 Novemba seva ilisimama kabisa, kwa sababu ya kipande kidogo cha programu kilichokuwa kikila nafasi kidogo ya seva bila kuirudisha kila gari lilipotumwa. Ripoti ya uchunguzi iliyotoka mwaka 1993 ilionyesha kwamba si mfumo wala watumiaji waliokuwa tayari, na ikaugusa ununuzi wenyewe, ambao ulimpa kazi mzabuni wa bei ya chini kabisa. Ulikuwa mfumo wa aina nyingine na huu wenu, lakini makosa yanarithiana. Ninyi anzeni na magari 2 kwa wiki 6, mojawapo likiwa la wahudumu wasiopenda kompyuta, na mkataba useme kwamba malipo makubwa hayatoki kabla ya jaribio hilo kupita.

Upimaji wa wazabuni nao uwe wa vitendo. Andikeni visa vitatu wenyewe, msiwape mapema: mzee aliyeanguka na kukataa kwenda hospitali, ajali yenye majeruhi wanne na gari moja, na moyo uliosimama ambapo wahudumu wanabadilishana katikati. Kila mzabuni aviingize ndani ya gari lenu, akitumia wahudumu wenu baada ya mafunzo ya saa moja, mtandao ukizimwa katikati ya kisa cha pili. Wahudumu watoe alama zao bila kuonyeshwa bei. Mimi ningeupa upimaji huu uzito usiopungua nusu ya alama za ubora. Mkienda kuwatembelea wateja wa zamani wa kampuni, salimianeni na meneja kwa heshima zote, kisha nendeni mahali magari yanapoegeshwa hospitalini mkaongee na anayejaza kumbukumbu wakati huo.

Kwa kuwa kampuni tatu zimekwisha kuwaona, andikeni kumbukumbu ya kila kikao na muwape wazabuni wote, hata wasiokuja, taarifa zile zile. Kama kuna kampuni «iliyowasaidia» kuandika rasimu ya masharti, wekeni rasimu hiyo pembeni. Nimewahi kusoma nyaraka za zabuni ambazo ukubwa wa skrini ulitajwa hadi kwenye nukta, na bidhaa yenye ukubwa huo sokoni ilikuwa moja.

Bei ilinganishwe kwa miaka 5 hadi 7, si kwa mwaka wa kwanza. Ndani yake ziingie leseni, vifaa na kuvibadilisha vinapochakaa, laini za data, vishikizo, miunganisho, mafunzo ya waajiriwa wapya, na mabadiliko ya fomu. Hili la mwisho huwaumiza wengi: itifaki ya tiba ikibadilika, je, mtaongeza kipengele wenyewe au mtalipia kila mara na kusubiri miezi? Leseni ya kila mtumiaji huonekana ndogo hadi mkumbuke wahudumu wa muda na wanafunzi. Kwa huduma kama yenu, leseni ya kila gari mara nyingi hueleweka vizuri zaidi.

Na mlango wa kutokea uandikwe kabla hamjaingia. Mkataba useme waziwazi kwamba data ni mali yenu, kwamba mnaweza kuichukua yote wakati wowote, pamoja na michoro ya moyo, picha, sahihi na historia ya masahihisho, katika muundo ulioelezwa kwa maandishi ambao programu nyingine inaweza kuusoma, na kwa bei iliyokwisha kutajwa. Msiridhike na ahadi. Katika lile jaribio la wiki 6 waombeni wawatolee data yote, mpeni mtu wenu wa kompyuta aifungue bila msaada wao. Anayeshindwa kutoa data ya magari 2 leo hatatoa ya magari 14 siku mtakapokuwa mmekosana.

Kuhusu makabrasha, msiyachape kwenye mfumo mpya. Kazi hiyo hugharimu sana, huleta makosa, na kwa huduma ya dharura kumbukumbu ya zamani ni nadra kubadilisha tiba ya leo. Yapangeni kwa tarehe, myatunze mahali pakavu penye kufuli kwa muda unaotakiwa na sheria yenu, mkizingatia kwamba kumbukumbu za watoto na za kesi zilizo wazi kwa kawaida hukaa muda mrefu zaidi. Skanini zile tu zilizo kwenye madai au uchunguzi. Isipokuwa mwaka mmoja wa mwisho: ninyi chukueni fomu 200 kwa kubahatisha, mhesabu ni vipengele vingapi viko tupu na ni saa ngapi zinapingana. Fanyeni hivyo kabla ya kutangaza zabuni, ili baada ya mwaka mmoja wa mfumo mpya muwe na cha kulinganisha nacho.